Padre wa Sufuria za Bati

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Akitajwa padre wa jeshi aliye shujaa, mawazo hukimbilia kwenye risasi. Padre Emil Kapaun, mtoto wa mkulima wa Pilsen, Kansas, Marekani, alizijua. Huko Unsan, katika Vita vya Korea, Novemba 1950, angeweza kutoroka. Akabaki na majeruhi, akatekwa nao. Sajenti Herbert Miller alikuwa amelala mtaroni, kifundo cha mguu kimevunjika, askari wa Kichina amemwelekezea bunduki. Padre akaja, akamsukuma askari kando, akamwinua Miller na kumbeba.

Lakini kinachonikaa moyoni juma hili ni sufuria. Katika kambi ya Pyoktong, baridi kali, wafungwa wakifa kwa njaa na kuhara damu, Padre aliokota vipande vya bati, akavigonga kwa jiwe mpaka vikashika umbo la sufuria, akachemsha maji watu wanywe. Nguo za waliojiharia alizifua yeye. Chakula akakiiba kwa walinzi, tena akisali kwanza kwa Mtakatifu Dismas, yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Bwana. (Nakiri hapo nilicheka.)

Mathayo 25 inataja mwenye njaa, mgonjwa, aliye kifungoni. Kapaun alikuwa yote matatu. Kwa hesabu zetu, yeye ndiye alikuwa wa kuhudumiwa. Mimi nikishikwa na mafua tu, simu za jumuiya sipokei.

Mwishoni alidhoofika, walinzi wakampeleka kwenye nyumba waliyoiita hospitali. Wafungwa walijua aendaye huko harudi. Alifariki Mei 23, 1951, akiwa na miaka 35. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2021, akazikwa upya katika kanisa kuu la Wichita. Februari 2025 Papa Fransisko akaridhia kutambuliwa rasmi kwamba aliyatoa maisha yake kwa ajili ya wengine.

Miezi michache baada ya kifo cha Padre, aliletwa kambini Gerald Fink, mwanajeshi Myahudi. Hakuwahi kumwona Kapaun. Alisikia tu wenzake wakimsimulia, usiku kwa mchana. Akatafuta kuni, akatengeneza kisu chake mwenyewe, akaanza kuchonga msalaba wenye sanamu ya Yesu. Vita vilipokwisha mwaka 1953, wafungwa walitoka kambini wameubeba.