Ukitaka kuishabikia Assyriska ukiwa Tanga

Anza na jina, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza. Södertälje, mji wa viwanda kusini-magharibi mwa Stockholm nchini Sweden, una klabu mbili za mpira zilizoanzishwa na wahamiaji wa asili moja: Assyriska ya mwaka 1974 na Syrianska ya 1977. Mtu wa Tanga hana haja ya kuelezwa mji mmoja unavyobeba timu mbili. Tuna Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, tuna Wana Kimanumanu, yaani African Sports, na uwanja wa Mkwakwani ni uleule. Wale nao wamechezea uwanja mmoja, Södertälje Fotbollsarena. Tofauti ni kwamba Coastal na Sports hazijawahi kugombania jina la kabila.

Kwa lugha yao wahamiaji hao hujiita Suryoye. Ni Wakristo wa makanisa ya kale ya mashariki, na wazee wa wengi wao walitoka Tur Abdin, nchi ya vilima kusini-mashariki mwa Uturuki. Lugha yao, Surayt, ni tawi la Kiaramu. Wanaojiita Waashuri, ndio wa Assyriska, hufunga nasaba yao na Ninawi, mji wa Nabii Yunus. Wenzao wa Syrianska hujihesabu Waaramu, watu wa Shamu ya kale. Ndugu wa ukoo mmoja waweza kukaa pande mbili.

Kosa baya kuliko yote ni kudhani Syrianska ni timu ya Wasiria. Kiswidi kina maneno mawili: "syrier" ni mtu wa nchi ya Siria, "syrian" ni huyu Msuryoyo, hata kama babu yake ni wa Midyat, mji wa Tur Abdin, na hajawahi kuiona Damascus. Herufi mbili za mwisho, basi. Ukitundika bendera ya taifa la Siria umewaudhi wa Assyriska na wa Syrianska kwa mkupuo mmoja.

Kundi la kwanza liliingia Sweden mwaka 1967, watu mia mbili na ushee waliokuwa Lebanon bila uraia wa nchi yoyote. Miaka ya 70 wakafuata wengi. Södertälje ndiko makao makuu ya Scania, hao hao wa malori tunayopishana nayo njia ya Segera, na kazi za viwandani zilikuwepo. Klabu ikawa mahali pa kukutania, kisha ikawa kama timu ya taifa ya watu wasio na taifa. Ndiyo maana inafuatiliwa mpaka Gütersloh kule Ujerumani na Enschede kule Uholanzi, na ndiyo maana shabiki wake haondoki timu ikishuka daraja. Imeshuka kweli.

Kilele chake kilikuja kwa njia ya ajabu. Mwaka 2003 ilifika fainali ya Kombe la Sweden ikiwa daraja la pili, ikafungwa na Elfsborg 2-0. Mwaka 2004 ikakwama kwenye mchujo wa kupanda mbele ya Örgryte. Halafu Örebro wakanyimwa leseni ya ligi kuu kwa sababu ya fedha, nafasi yao ikaangukia kwa Assyriska, ikacheza Allsvenskan, ndiyo hiyo ligi kuu, 2005 na kushuka mwaka huohuo. Anayedhani mahesabu ya klabu ni mambo ya ofisini tu aitazame Örebro. Syrianska ilipanda kwa kushinda Superettan, daraja la pili, 2010 na ikadumu misimu mitatu. Jezi yao ni nyekundu na njano, yaani Msimbazi na Jangwani ndani ya fulana moja.

Sasa saa. Msimu wao huanza machipuko, karibu na Aprili, ukaishia Novemba. Wakati huo mwingi sisi tuko mbele yao kwa saa moja: mechi ya saa 9 alasiri kwao ni saa 10 jioni Tanga. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa mbili, na mechi ileile inaanza saa 11. Asiyejua anakaa saa nzima akitazama uwanja mtupu. Kama unatazama kwa simu, usinunue bando la saa moja. Dakika 45 za kwanza na 15 za mapumziko ndiyo saa yenyewe, litakukatikia mpira unapowekwa kati kwa kipindi cha pili.

Bango ndilo lenye kazi. Picha ya bango kutoka mbali ndiyo salamu, basi lifanywe vizuri. Chukua bafta nyeupe, mita 6 na nusu ili upate mita 6 kamili baada ya upindo, na uunge vipande viwili kama jora ni jembamba, kimo kifike mita 1.5. Loweka usiku mzima kabla ya kupaka chochote. Bafta mpya ina wanga, rangi haishiki, na itakuja kusinyaa baadaye herufi zikiwa zimeshakaa. ASSYRISKA ni herufi tisa: acha sentimita 30 kila pembeni, kila herufi ipewe 60 pamoja na nafasi yake. I usiinenepeshe, ipe 20, zinazobaki wagawie wenzake. Paka nyekundu, pambizo la buluu. Kwenye bendera yao buluu ni mto Frati, nyekundu ni Hidekeli. Njano usiiguse, hiyo ni ya jirani.

Tumia rangi ya maji ya ukutani, uizimue kwa maji robo, upake mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mzito hupasuka ukikunja. Chini tandika nailoni, la sivyo bango litagandia sakafuni, maana rangi inapenya.

Msimu wao unaangukia ndani ya kusi yetu, na pale Raskazone mita 6 za kitambaa si bango tena, ni tanga la jahazi. Usifunge pembe nne tu, zitachanika. Pitisha kamba ndani ya upindo wa juu na wa chini, na kila nusu mita toboa kitundu kilichozungushiwa chuma kama cha turubai, ili mzigo wa upepo ubebwe na kamba. Kamba ya mkonge ipo tele mjini na inafaa, ila ikilowa inavimba na kufupika. Mvua ikinusa, ilegeze mapema. Usipoilegeza, itang'oa vitundu vyote.