Gabbar alikufa ama hakufa

Juzi usiku binti yangu ameniwekea simu mbele ya macho, "Baba, si hii ndio ile Sholay ya Babu Fundi?" Kuangalia, ati mwaka wa 2025 hiyo filamu ya Kihindi ikitimiza miaka 50 ilisafishwa ikaoneshwa Bologna kule Italia, na safari hii ina mwisho wake wa kwanza, ule bodi ya India ya kukagua filamu ilikataa 1975. Thakur, aliyekuwa polisi, anamuua Gabbar, yule jambazi. Nikakaa chini.

Zamani nilisoma kozi ya filamu. Nilipewa filamu za miaka ya 70 nizieleze mbele ya darasa. Bruce Lee, Jaws, Star Wars, hizo nilimaliza kwa siku mbili, nikaongeza Xala ya Sembène nisionekane nimesahau Afrika. Ya Wahindi sikuwa na kitu, nikashuka soko la Kibuye kwa Anko, ndiye huyo Babu Fundi.

Anko alishona viatu pale sokoni miaka na miaka, na Sholay aliiona ujanani hapa hapa Kisumu, Kihindi hajui hata neno moja. Nikamuuliza inaishaje. Badala ya kujibu akachomoa kiatu cha mteja katikati ya magoti. "Kijana, Thakur mikono hana, Gabbar alikata yote miwili. Sasa atapigana na nini? Misumari! Unapigilia kutoka ndani, ncha itokee huku chini kwa soli, halafu vichwa unafunika na kipande cha ngozi usijidunge." Na akapigilia kweli, misumari mingine ameibana kwa midomo, kiatu cha mtu jamani, akakivaa, mikono akaificha nyuma ndani ya koti, akaanza kukanyaga katoni, pap, pap, mama wa omena jirani amewacha kuuza anashangilia, katoni ikabaki matundu matupu. "Mpaka akafa!" Anko anahema. Mwenye kiatu aliambiwa nini jioni hiyo sijui.

Basi nikasimama mbele ya darasa nikasema Gabbar anakufa, na mambo ya misumari nikaeleza vizuri sana, hata mkono nilionesha. Lekchara akaniacha nimalize. "Polisi wanafika, Gabbar anashikwa. Wewe uliona filamu ama uliambiwa?" Darasa likavunjika mbavu. Nilikuwa nimeambiwa, nitasema nini? Na alikuwa sawa, iliyotoka kwa masinema ni hiyo ya polisi.

Jioni nikaenda kumfokea Anko. Hakuinua hata kichwa. "Mimi niliona akifa," akavuta uzi. Hayo maneno hatukuyarudia tena mpaka akatuacha.

"Sasa kama ilikatwa, yeye aliiona wapi?" binti ananiuliza. Nikamwambia akalale, kesho ni shule. Simu nikabaki nayo mimi.