Walichoandika Wanafunzi Kuhusu Maktaba Yetu

Kwa miaka minne nimekuwa mwalimu msimamizi wa maktaba katika shule ya sekondari ya kutwa, na muhula uliopita niliwaomba wanafunzi waandike kwenye karatasi, bila kutaja majina, yanayowaridhisha na yanayowakera humo. Nilitarajia walalamikie uchache wa vitabu, kumbe wengi walilalamikia kufuli. Maktaba ilikuwa ikifunguliwa saa nne asubuhi, wakati uleule wanapopanga foleni ya uji, na kufungwa kabla ya kipindi cha mwisho, hivyo aliyetaka kuazima kitabu alilazimika kukaa na njaa.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliandika kwamba kitabu cha Fizikia alichokisubiri kwa wiki mbili kilimfikia kikiwa kimenyofolewa kurasa zote za sura ya umeme. Niliumia sana, kwa sababu mimi ndiye niliyekipokea kiliporudishwa na sikukifungua.

Sasa tunafungua hadi saa kumi na moja jioni, na kila kitabu hukaguliwa mbele ya anayekirudisha. Rafu nazo tumezipanga upya kwa namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, ambamo fasihi ya Kiswahili hupewa 896.392. Vitabu havijaongezeka hata kimoja, lakini juzi nilimkuta kijana wa kidato cha kwanza akifuata namba hizo kwa kidole, rafu hadi rafu, mpaka akaipata riwaya aliyoitaka.