Siku tuliyoisoma hukumu ya City Water

Hukumu ya kesi ambayo wawekezaji wa kigeni wa City Water, kampuni ya maji ya Dar es Salaam, waliishtaki serikali ya Tanzania kwa kuiondoa ilitolewa tarehe 24 Julai 2008. Nakala ilipotufikia tuligawana kurasa, wahandisi na watu wa ankara meza moja. Mitaani ilisemwa Tanzania imeshinda. Sisi tulikuwa tunatafuta kitu kingine: fedha zilipotelea wapi.

City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini, ilianza kuendesha maji ya Dar es Salaam Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka 10. Mabomba haikuyanunua, DAWASA, mamlaka ya serikali ya maji ya jiji, ilibaki mwenye mali, kampuni ikawa mpangaji. Mradi wote ulikuwa wa dola milioni 164.5, na fungu la City Water milioni 8.5 tu. Sehemu kubwa ya zilizobaki ilikuwa mikopo ya Benki ya Dunia na benki nyingine za maendeleo. Mwekezaji mkuu alikuwa mgeni, lakini deni lilikuwa letu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kila ankara iliyolipwa iligawanywa: ujira wa mwendeshaji, kodi ya DAWASA, na mfuko wa kuunganisha wateja wapya wa majumbani. Kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya makusanyo, na makusanyo husimama juu ya daftari la wateja na mita. Maji ya mgawo huharibu vyote viwili. Bomba likikauka hujaa hewa; maji yakirudi, hewa huizungusha mita kabla tone halijafika, mteja anagoma kulipa. Mchanga nao huikwamisha, msoma mita anaandika makadirio.

Baraza la usuluhishi lililotoa hukumu lilisema serikali ilikiuka mkataba wa Tanzania na Uingereza wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyoivunja ndoa yake na City Water: tangazo la Edward Lowassa, waziri wa maji wa wakati huo, la 13 Mei 2005, kisha kuchukua ofisi na kuwatimua mameneja Juni mosi. Fidia: sifuri. Kufikia hapo kampuni ilikuwa imekwisha thamani.

Mchana ule mjadala ulihamia kwenye kupima upotevu wa maji. Vitabu hushauri kusoma mita kuu ya eneo saa nane hadi saa kumi usiku, watu wakiwa wamelala, ili maji yanayopita yahesabiwe kuwa yanavuja. Dar kipimo hicho hudanganya, maana matangi ya nyumbani hujazwa saa hizohizo. Lazima ulinganishe mita kuu na jumla ya mita za nyumba kwa mzunguko mzima wa mgawo, tangu valvu inapofunguliwa hadi ifunguliwe tena.