Siku ya mwinjilisti mwenye kisukari

Saa 11 alfajiri nagonga kengele ya kanisa, rimu ya lori inayoning'inia kwenye mwarobaini. Wanakuja watu wanne kwa sala. Saa 12 na nusu natoa insulini kwenye chungu kilichozikwa nusu ndani ya mchanga uliolowanishwa, maana friji hatuna, na joto la huku Chamwino, Dodoma, linaharibu dawa. Najichoma tumboni, nangoja nusu saa, nakunywa uji wa uwele. Huu ni mwaka wa 9 naishi hivi.

Wengi wanadhani mwinjilisti ana kazi Jumapili tu. Leo ni Alhamisi: nimefundisha watoto wa kipaimara, nimeombea wagonjwa wawili, nimesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba la alizeti. Saa 6 nikapanda baiskeli kwenda msibani, njia ya mchanga mtupu.

Maziko yalipangwa saa 7. Saa 8 tukaambiwa mtoto wa marehemu anatoka Dar es Salaam, basi limeshapita Morogoro. Saa 9 liko Gairo. Nilikuwa sijala tangu ule uji, na siwezi kukaa natafuna mbele ya wafiwa. Pembeni yangu akaketi ndugu mmoja kutoka mjini, akaona mkoba wa dawa.

"Mtumishi, unahubiri uponyaji na huku unajidunga? Tupa sindano, simama na imani."

Alirudia mara tatu, kwa sauti, watu wakisikia. Neno hilo linaniuma kuliko sindano yenyewe, kwa sababu nimemzika mtu aliyeacha dawa kwa kushauriwa vivyo hivyo. Nikamwambia mtume Paulo alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto, mgonjwa, wala hakumhesabia imani haba. Akatikisa kichwa, akaendelea. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Kwa insulini ya asubuhi na njaa, sukari mwilini ilikuwa imeshuka: jasho la baridi lilikuwa linanitiririka mgongoni, vidole vinatetemeka, maandishi ya kitabu cha sala yanacheza.

Bibi mmoja akaniona. Hakuuliza kitu. Akanishika mkono hadi nyuma ya tembe, akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akakishika mwenyewe kwa kuwa mimi ningemwaga.

"Kunywa, mwalimu. Nani atatuzikia?"

Basi likafika, mtoto akamlilia baba yake, tukazika jua likizama. Sauti yangu haikukatika hata mara moja, na hilo namshukuru Mungu.

Sijui nilifika nyumbani saa ngapi. Mke wangu akanikagua miguu kwa tochi kama kila usiku. Chini ya kisigino alikuta mwiba wa mgunga umezama wote. Sikuusikia ulipoingia, nyayo zangu zimekufa ganzi kwa kisukari. Akauchomoa, akaosha kwa maji ya chumvi, kimya muda mrefu.

"Baba watoto, kesho unavaa viatu vya kufunika."

Soli ya kushoto imeachia. Kesho ibada ya nyumba kwa nyumba iko ng'ambo ya korongo, saa 3. Nimemtumia fundi ujumbe anishonee kabla ya saa 2.