Jinsi nilivyotatua: apt kukataa saini ya hazina ya nje kwenye Debian 12

Seva inayotunza rekodi za mizani ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, ilihitaji PostgreSQL (programu ya hifadhidata) mpya kuliko toleo la 15 linalokuja na Debian 12, mfumo endeshi wa seva hiyo, kwa hiyo niliongeza hazina ya watengenezaji wake, yaani ghala lao la programu mtandaoni. Kila nilipoendesha apt update, amri ya apt (programu ya kusakinisha programu nyingine) ya kusoma upya orodha za hazina, jibu lilikuwa NO_PUBKEY, yaani ufunguo wa kuhakiki saini ya hazina haupatikani, ilhali ufunguo ulikuwepo ndani ya /etc/apt/keyrings na njia yake iliandikwa sawasawa kwenye signed-by, sehemu inayoielekeza apt kwenye ufunguo wa hazina hiyo.

Kupakua ufunguo upya hakukusaidia, wala kufuta orodha zilizomo /var/lib/apt/lists.

Kilichofungua fundo ni mstari mmoja wa onyo, rahisi sana kupitwa na macho, uliosema kwamba faili la ufunguo haliwezi kusomwa na mtumiaji _apt. Programu ya apt, hata ikiendeshwa kwa sudo (yaani kwa mamlaka ya msimamizi), huhakiki saini kupitia mtumiaji huyo mwenye mamlaka madogo. Na seva yetu, kwa sababu nzuri za usalama, ina umask 077 (mpangilio wa ruhusa za faili mpya), hivyo kila faili jipya huzaliwa na ruhusa ya 600, yaani mwenye faili pekee ndiye anayeweza kulisoma na kuliandika; root, msimamizi mkuu, hulisoma bila shida lakini _apt hawezi.

Nilithibitisha ruhusa hiyo kwa ls -l, kisha nikaandika amri ya kuwaruhusu watumiaji wote kulisoma faili:

sudo chmod 644 /etc/apt/keyrings/pgdg.asc

Apt update ilipita bila onyo, na apt policy postgresql ikaonyesha hazina mpya. Ushauri wa kuweka trusted=yes niliukataa, kwa kuwa huondoa ulinzi wa saini ambao rekodi za wavuvi zinaustahili.