Nilivyokokotoa alama za dodoso la wafanyakazi bila kujua nani kajibu nini

Nilipokabidhiwa dodoso la wafanyakazi, maswali yalikuwa yameshatungwa. Kazi yangu ilikuwa kukusanya majibu, kuyapa alama na kuandika ripoti, na hapo kwenye alama ndipo siri za watu zinapovuja zaidi. Unaweza kufuta majina yote kwenye faili na bado ripoti ikamwonyesha mhusika waziwazi.

Ukusanyaji nilijaribu kuurahisisha. Kiungo cha kufungulia dodoso mtandaoni kilikuwa kimoja kwa wote, na kwenye mipangilio nilizima kurekodi barua pepe na anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha kifaa au mtandao aliotumia mtu. Hasara yake ni kwamba mtu akitaka anaweza kujibu mara mbili, na huwezi kujua nani bado. Niliikubali hasara hiyo. Vikumbusho vilikwenda kwa wote, waliojibu na wasiojibu, kwa maneno yaleyale. Umri, jinsia na miaka kazini sikuuliza. Niliuliza idara na kitengo basi. Mtafiti wa faragha ya data, Latanya Sweeney, alionyesha mwaka 2000 kwamba takribani asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Hiyo ni nchi nzima. Kwenye ofisi, ambako watu wanajuana, vinatosha vichache zaidi ya hivyo.

Dodoso lilipofungwa, kabla ya kusoma jibu lolote nilifuta safu ya tarehe na saa. Jibu la saa tisa usiku linamtaja aliyekuwa zamu. Kisha niliongeza safu ya namba za bahati nasibu, nikapanga mistari kwa safu hiyo, halafu nikaifuta nayo, maana mpangilio wa mistari peke yake unaeleza nani alitangulia kujibu.

Alama zenyewe zilikuwa 1 hadi 5, kutoka "sikubaliani kabisa" mpaka "nakubaliana kabisa", utaratibu uliotokana na kazi ya mwanasaikolojia Rensis Likert ya mwaka 1932. Sentensi zilizoelekea upande wa pili, kama "mara nyingi nafikiria kuacha kazi", nilizigeuza kwa kutoa alama kwenye 6, hivyo 5 ikawa 1. Swali lililoachwa wazi halikuhesabiwa sifuri. Wastani ulichukuliwa kwa waliojibu tu. Kando ya wastani niliweka asilimia ya waliotoa 4 au 5, kwa sababu wastani wa 3 unaweza kutoka kwa watu waliosema 3 wote, au kwa nusu waliosema 1 na nusu waliosema 5, na hizo ni ofisi mbili tofauti kabisa.

Kikomo nilikitangaza kabla ya dodoso kufunguliwa: kundi lenye majibu chini ya 5 halitolewi alama. Wengi huishia hapo. Lakini kikomo peke yake hakitoshi, na hesabu hii inaonyesha kwa nini. Tuseme idara ina majibu 12 na wastani wake ni 3.5. Kitengo cha kwanza kina majibu 11, wastani 3.64. Kitengo cha pili kina jibu moja, nawe umelificha kwa nyota. Mwenye kikokotoo anazidisha: 12 mara 3.5 ni 42, 11 mara 3.64 ni 40 na ushei. Anatoa, anabaki na 2. Yule mmoja uliyedhani umemficha, alama yake imesomwa na kila mtu. Kwa hiyo palipokuwa na kitengo cha kuficha, nilificha na kingine cha jirani, au nilitoa alama za idara nzima tu.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona inasahaulika zaidi. Kundi la watu sita limevuka kikomo, lakini wote sita wametoa 1 kwenye swali la uongozi. Hapo huhitaji kubahatisha nani kasema nini. Kundi la namna hiyo nililiunganisha na la karibu yake kikazi.

Mkurugenzi alipoona nafasi zilizo wazi kwenye jedwali alisema, "Hawa wako watatu tu, nipe namba yao, sitamwambia mtu." Nikamjibu, "Bosi, tumewaahidi kwa maandishi. Tukiivunja leo, dodoso lijalo wataweka 5 kila mahali na hatutajifunza kitu." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama vitengo vidogo vinaweza kuunganishwa. Vinaweza, na ndivyo tulivyofanya. Namheshimu kwa swali hilo, maana angeweza kutumia cheo.

Maoni ya kuandika ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Fikiria mtu ameandika, "Tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi sipewi kazi za maana," na kwenye idara yake aliyetoka likizo hiyo ni mmoja. Kufuta jina la idara hakumsaidii. Hata namna ya kuandika humtambulisha mtu: neno analolipenda, anavyoweka alama za mshangao. Kwa hiyo hakuna maoni yaliyonukuliwa neno kwa neno. Niliyapanga kwa mada, kisha nikaandika kwa maneno yangu kwamba baadhi ya watu wanaona kazi hazigawanywi kwa haki, bila kutaja idara yoyote. Ripoti inapoteza ladha, hilo nakiri, lakini aliyeandika anabaki salama, na tatizo lake limefika mezani.

Faili lenye majibu ya mtu mmoja mmoja halikwenda kwa mkurugenzi wala kwa rasilimali watu. Ripoti ilipopitishwa nililifuta, pamoja na nakala iliyobaki kwenye programu ya dodoso, mwakilishi wa wafanyakazi akiwa ameketi pembeni anatazama.